Mkono wa Pili wa Bi Sikudhani

Nyamizi, msusi wa Nzega, alikwenda nchi ya Tufunike kwa sababu moja tu. Mdogo wake Kalunde alikuwa ameolewa huko, mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka, na mama yao alikuwa amesema kwa ile sauti yake isiyojibiwa: "Wewe ndiye mkubwa. Nenda, na usirudi hapa mpaka uwe umenipokelea mjukuu." Alifikaje huko, tusichoshane. Alipanda, akashuka, akauliza, akafika. Mwenye hamu ya habari za barabara na amtafute dereva.

Kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa miavuli. Mji mzima miavuli, na wala hapakuwa na wingu. Lakini si miavuli ndiyo iliyomshangaza, ni jinsi ilivyoshikwa. Kila mwenyeji aliyekuwa kazini alitembea kanyoosha mkono pembeni, jua likimchoma utosi, na mwavuli wake umemfunika mtu mwingine: mrefu, wa kuja, mikono mfukoni, na uso wa huzuni kama wa mtu aliyefika msibani akagundua amekosea nyumba. Kila baada ya hatua kadhaa mchukuaji aligeuka, akafuta jasho, akasema, "Asante kwa kivuli." Yule mrefu akainamisha kichwa na kujibu, "Ni wajibu wetu."

Shemeji yake, Gwandu, alikuja kumpokea. Kijana mwembamba, mpole, wa wale wanaoomba radhi hata wakikanyagwa wao.

"Umefunikwa, shemeji?"

"Nimefunikwa na nini?"

"Ndiyo salamu ya huku. Unajibu, 'Nimefunikwa, nashukuru.'"

"Nimefunikwa, nashukuru. Hawa warefu ni akina nani?"

Gwandu alishusha sauti. "Wenye Kivuli. Wametoka ng'ambo kuja kutukinga na jua."

"Mbona waliokingwa ni wao?"

"Sio hivyo shemeji, wewe mgeni. Mwavuli ni wetu. Wao wanasimama tu chini yake. Ukijibana nao vizuri, kivuli kinakugusa bega."

"Kimeshakugusa?"

"Mimi bado. Lakini binamu yangu kiliwahi kumgusa kiwiko."

Alilisema hilo kwa fahari, na Nyamizi, ambaye kwa kawaida hukosi kumsikia akimjibu mtu, alimwacha na kiwiko cha binamu yake.

Sasa, tuwe waungwana. Mtu akiamua kuwasema Wenye Kivuli awaseme vyote. Zamani katika Tufunike wanawake walikufa kwa uzazi kama mchezo. Wageni wale walipokuja na kuona, walilia, na machozi yao yalikuwa machozi kweli, yenye chumvi. Walileta glavu, walileta sindano za kuzuia damu, walileta dawa za kupanga uzazi, na vyote vilifanya kazi. Balaa lilikuwa mahali walipovitundika. Vilining'inia kwa kamba kwenye mbavu za mwavuli. Ulitaka glavu? Shika mwavuli. Ulitaka sindano? Shika mwavuli. Na sheria ikaandikwa kwamba anayemhudumia mama ndiye ashike mwavuli kwa mkono wake mwenyewe, wakati wote wa huduma. Huduma isiyo na kivuli haikufanyika, na mtoto aliyezaliwa nje ya kivuli hakuzaliwa. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kisheria "tetesi". Walikuwepo matetesi wazima, wana ndevu, wana wake, wanalipa kodi ya nyumba, na serikali inaendelea kuwafuatilia kuona kama habari zao ni za kweli.

Kwa hiyo wakunga wa Tufunike walizalisha kwa mkono mmoja. Walikuwa wamezoea. Walifunga kitovu kwa mkono mmoja, walikunja nepi kwa mkono mmoja, na wengine wakishafika nyumbani walijikuta wanasonga ugali kwa mkono mmoja huku ule mwingine umeinuliwa juu, haushiki kitu.

Nyumba ya uzazi iliyokuwa karibu na kina Kalunde iliongozwa na Bi Sikudhani. Nyamizi alipelekwa kumsalimia kesho yake. Alimkuta mwanamke mnene wa sauti, msomi wa chuo kikubwa, asiyependa kusahauliwa kwamba alisoma. Mkono wake wa kulia, wa mwavuli, ulikuwa umejaa kama mchi. Wa kushoto mwembamba, mwepesi, kama ameuazima kwa mtu mwingine. Ukutani palijaa picha, na kila picha ilionyesha mwavuli. Mama na mtoto walionekana pembeni, kwa chini, wamekatwa vichwa.

"Huu wangu ni daraja la pili," alisema akiupapasa mwavuli. "Mwakani tunaomba wa daraja la kwanza. Una pindo."

Chini ya mwavuli alisimama Bwana Fredegasti, Mshauri Mwandamizi wa Kivuli, aliyepangiwa nyumba ile. Walikuwa ndani ya chumba. Chumba chenye bati. Nyamizi aliangalia juu.

"Bibi, si kuna dari hapa?"

"Dari ni yetu," alijibu Bi Sikudhani. "Haihesabiki."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba nyingine ya uzazi, kubwa kuliko hii, ambayo mbuzi walikuwa wamelala kwenye vyumba vyake. Ilikuwa ya Bi Tabu. Siku moja Bi Tabu aliuweka mwavuli chini ajikune mgongo. Ndiyo habari yote.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mgeni alipaswa kulijua, nalo lilibandikwa mlangoni: MSIMU HUU: AKINA BABA. Kivuli cha Tufunike kilikwenda kwa misimu. Kulikuwa na Msimu wa Wasichana, ambapo mwanamke mzima alirudishwa akakue upya. Kulikuwa na Msimu wa Sindano za Mpango, na waliozihitaji ukishapita waliambiwa wajizuie. Misimu ilipangwa Mlimani, walikoishi wakubwa wa Wenye Kivuli, na habari ilishuka kwa wakunga kwenye semina yenye sambusa nzuri sana. Hilo la sambusa Bi Sikudhani mwenyewe alilithibitisha.

Uchungu wa Kalunde ulianza mchana, baada ya chakula. Walipofika mlangoni, Nyamizi kamshika mdogo wake huku, Gwandu kamshika kule, Bi Sikudhani aliwapokea mkono juu, mwavuli wazi, Bwana Fredegasti chini yake. Akampita Kalunde, akamtazama Gwandu machoni.

"Baba, unajisikiaje?"

"Mimi?" Gwandu aliangalia nyuma. "Njaa kidogo."

"Maumivu?"

"Hapana. Mwenye maumivu ni mke wan..."

"Jieleze wewe, baba. Huu ni msimu wako."

Kabla hajajieleza, alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda kizuri, shuka nyeupe, mto, na glasi ya juisi ya ukwaju. Kalunde alitandikiwa mkeka sakafuni. Nyamizi katika kazi yake ameona mengi, pamoja na bibi harusi aliyetaka kunyolewa nywele zote shangazi wakisubiri garini. Lakini mwanamume kulazwa kwa mimba ya mkewe, hilo lilikuwa geni.

"Shemeji, shuka."

"Nilijaribu," Gwandu alinong'ona. "Wamenifunga na shuka kwa upendo."

Bi Sikudhani alipiga magoti kwenye mkeka, mwavuli juu, na Bwana Fredegasti naye akainama kwa heshima ili asitoke kivulini. Mkono wa kushoto ulipita juu ya tumbo, ukashuka, ukapapasa, ukasimama. Uso wake ulibadilika. Majigambo yote yalimtoka akabaki mkunga.

"Mtoto ametanguliza makalio."

"Ameshaijua nchi," alisema Nyamizi. Lakini alipiga magoti, akaushika mkono wa mdogo wake. "Sasa inakuwaje?"

"Inataka mikono miwili. Mmoja wa kumpokea, mmoja huku juu umwongoze kichwa kisikwame. Hilo halina mjadala."

Na kwa kuwa alikuwa amesema halina mjadala, mjadala ukaanza.

"Suala la mikono ni nyeti," alisema Bwana Fredegasti. Aliongea Kiswahili safi, cha kunyooshwa na pasi. "Tumelifanyia utafiti. Tumegundua kwamba mikono ya wenyeji ina uwezo mkubwa mno."

"Basi mwachie mmoja," alisema Nyamizi.

"Nasikitika. Binafsi sina mamlaka hayo. Ni lazima Mlimani waamue."

"Waulize Mlimani."

"Mlimani wamejitenga kwa tafakuri. Wanatafakari juu ya usawa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watakapoupata."

"Haya, tufanye hivi, baba. Mwavuli ushike wewe."

Bwana Fredegasti alirudi nyuma kama amepewa nyoka amshikie. "Mimi? Siwezi! Huo ni mwavuli wao. Nikiushika nitakuwa nimewanyang'anya umiliki. Dada yangu, unajua tulivyopigania ili mwavuli huu uwe mikononi mwa wenyeji?"

"Na kivuli je?"

"Kivuli ni cha wote," alisema, akiwa peke yake ndani yake.

"Basi toka chini yake ili autue."

"Nikitoka nitakuwa nimeitelekeza jamii."

Kalunde alipiga ukelele uliotikisa picha ukutani. "Dada! Mimi nagawanyika huku, nyie mnajadili mwavuli!"

Bwana Fredegasti alimwinamia kwa macho yenye unyevu. "Nausikia uchungu wako, dada."

"Unausikia? Njoo ulale hapa basi uusikie vizuri, we mlingoti wa bendera!" Na hapo Kalunde akafungua mdomo akatoa matusi ya kwao ambayo hatuwezi kuyaandika, kwa sababu kitabu hiki huenda kikasomwa na mama yake.

"Jamani," ilisema sauti ya Gwandu kutoka kitandani, "na mimi nina wazo."

"Tunalithamini sana," alisema Bwana Fredegasti. "Endelea kulala."

Nyamizi alimgeukia Bi Sikudhani. "Nipe mimi nikushikie."

"Huna semina."

"Semina ya kushika mwavuli?"

"Ya ngazi mbili."

"Bibi, mimi msusi. Kichwa cha mtu nakishika kwa mikono miwili, na nywele hazina roho. Wewe unataka kumtoa mtoto wa mdogo wangu kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshikilia kitambaa? Kumbe usomi wote ule ulikwenda kusomea kuwa mti wa kumfunika huyu?"

Bi Sikudhani aliinua uso, na macho yake yalikuwa yanawaka.

"Unadhani sijui? Wewe mtani utaondoka na mjukuu wa mama yako ukasimulie huko saluni, watu wacheke. Mimi nabaki. Nabaki na atakayekuja Jumatatu, na wa Jumatano. Angalia juu! Glavu ziko wapi? Sindano ya kuzuia damu iko wapi? Nikiutua, wanaondoka navyo. Huyo wa Jumatatu akitokwa damu nimzuie na nini? Na kitana chako?"

 Nyamizi alitazama juu. Glavu zilikuwepo pale, zinabembea. Bi Tabu ng'ambo ya barabara naye alikuwa amewahi kuwa nazo.

Hapo ndipo wote wawili waliposikia kitu kibaya zaidi: Kalunde alikuwa ameacha kutukana. Macho yake yalikuwa nusu, midomo imepauka, na mkono aliokuwa amemng'ang'ania dada yake ulikuwa unalegea kidole kimoja kimoja.

"Kalunde," alisema Nyamizi. "Kalu. Nitukane mimi."

Kalunde hakumtukana.

 Kwa mkono wa kushoto Bi Sikudhani alinyofoa sindano zilizokuwa zikining'inia, akanyofoa glavu, akazirusha kwenye mkeka. Halafu akafungua vidole vya mkono wa kulia.

Mwavuli ulianguka. Ulimwangukia Bwana Fredegasti ukamfunika mzima mzima kama kifaranga chini ya tenga, ukabaki hapo unasema, "Nasikitika! Nasikitika!" Lakini mkono wa Bi Sikudhani haukushuka. Ulibaki juu, umenyooka, umekakamaa kwa mazoea ya miaka, haujui pengine pa kwenda.

"Uvute!" alipiga kelele. "Uvute, wewe mwenye mdomo!"

Nyamizi aliudandia ule mkono kama mtoto anayedandia tawi. Bega lilialika, ko! Mkono ukaja chini, ukagusa tumbo la Kalunde, na palepale ukakumbuka kazi yake. Ilikuwa kama kumwona mtu akikutana na ndugu yake stendi. Mikono ile miwili haikuhitaji kuelezana. Mmoja ulisubiri, mwingine ulikandamiza, Bi Sikudhani akinguruma, "Sukuma mwanangu. Acha. Sasa sukuma. Sukuma kama unamfukuza mpangaji!"

Yakaja makalio, ikaja miguu, mmoja na mwenzake, yakaja mabega. Kichwa kikasimama kidogo, kama kinafikiria. Mkono wa juu ukakiongoza. Kikatoka.

Msichana. Alinyamaza kwa muda ambao Nyamizi alizeeka. Bi Sikudhani alimsugua mgongo kwa mkono huu na kumfuta pua kwa ule, na mtoto akajikunja, akachafua mkono wa kulia wa mkunga kwa choo chake cha kwanza duniani, cheusi kama lami, ndipo akalia. Kalunde alifumbua macho.

"Analia nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tetesi," alisema Nyamizi, naye akalia.

Bwana Fredegasti alijitoa chini ya mwavuli akitambaa. Alisimama katikati ya chumba, wazi, hana kitu kichwani kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alijishika utosi. Alitazama dari.

"Hakuna jua humu," alisema.

"Hapana, baba," alisema Bi Sikudhani akichoma sindano. "Halijawahi kuwepo."

Bwana Fredegasti alikaa chini, akaomba maji ya kunywa. Kwa kitambo kile alifanana na mtu yeyote. Kisha huzuni yake ya kazini ikamrudia usoni. "Lakini nitaripoti nini?"

"Ripoti kwamba mtoto amezaliwa."

"Hajazaliwa, Bi Sikudhani. Unajua sheria." Mtoto alipiga kelele za kumziba masikio. Bwana Fredegasti alimwinamia. "Nasikitika," alimwambia.

Mlimani hawakukasirika. Wenye Kivuli hawana hasira, wana masikitiko, na masikitiko yao yalifika yakiwa kwenye magari meupe. Kwa adabu kabisa walichukua maboksi ya glavu na dawa, wakachukua mwavuli, wakachukua vitanda. Gwandu alikuwa bado amelala kwenye kimojawapo, na walimfikisha getini kabla mtu hajagundua kwamba alikuwa mzito kuliko godoro. Mbuzi wa Bi Tabu walisimama barabarani wakiiangalia nyumba hii kwa macho ya watu wanaotafuta tawi la pili la biashara.

Aliyetarajiwa Jumatatu alikuja, na alitokwa damu. Ilibaki sindano moja kati ya zile zilizonyofolewa, ikamtosha. Bi Sikudhani alitoka nje baadaye akakaa kwenye ngazi, mikono yote miwili magotini, akaiangalia kwa hofu.

"Wa Jumatano sina kitu," alisema.

 Nyamizi akakaa kando yake.

Hata hivyo walikuja. Habari ilikuwa imeenea kwamba kwa Bi Sikudhani kuna mikono miwili, na wanawake walikuja wamebebewa vitanda vyao vya kamba, wamebeba nyembe zao mpya, sabuni zao, kanga zao zilizochemshwa. Kalunde alikuwa bado ndani ya arobaini yake, kwa hiyo Nyamizi alibaki akichota maji, akikoka moto, akiwasuka waliokuwa wanasubiri ili waache kuogopa. Walizaa matetesi mengi mazuri. Lakini glavu zilikuwa zinafuliwa mpaka zinaonyesha vidole, na kila uchungu ulipoanza, Bi Sikudhani alitazama juu mahali maboksi yalipokuwa yakibembea. Nyamizi alimwona. Aliongeza kuni.

Mwishowe Mlimani wakamaliza kutafakari. Hawakuwa wameupata usawa wenyewe, lakini walisema wameuona kwa mbali. Juu ya hayo, walikuwa wameisoma ripoti ya Bwana Fredegasti na kustaajabu: kumbe mtoto anaweza kupokelewa kwa mikono miwili! Ugunduzi huo ukapewa jina lake. Ukazaa Mpango wa Mikono Miwili, na nyumba ya kwanza kubahatika ikawa, nani mwingine, ya Bi Sikudhani.

Sherehe ilifanyika uani, adhuhuri. Mkuu wa Mlima alikuja mwenyewe na wenzake, Bwana Fredegasti akiwa katikati yao, amepandishwa cheo, amezidi kuhuzunika. Walikuja na zawadi imefunikwa turubai.

"Tumewasikia," alisema Mkuu. "Mlituambia kwamba mkono mmoja hautoshi. Mlituambia kwamba mnataka kutumia mikono yote miwili. Na sisi ni watu wa kusikiliza."

Turubai likavutwa.

Ulikuwa mwavuli. Mkubwa kama paa la kibanda cha chipsi, una pindo, una shina nene la chuma, na kwenye shina kuna vishikio viwili: kimoja cha mkono wa kulia, kimoja cha mkono wa kushoto.

"Wa daraja la kwanza," alisema Mkuu, sauti ikimtetemeka. "Hauwezi kushikwa ila kwa mikono miwili."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu sambusa zilikuwa zimeshapita. Wenye Kivuli waliuinua wenyewe kutoka kwenye gari, wote kwa pamoja, mishipa ya shingo imewatoka, kwa kuwa sheria haikuruhusu mwavuli uguse ardhi kabla mwenyeji hajaupokea. Kwenye mbavu zake vilining'inia vitu mpaka macho yaliuma: glavu boksi kwa boksi, sindano za damu, sindano za mpango za misimu yote, mipira, nyuzi, spiriti.

Bi Sikudhani alisogea. Nyamizi, aliyekuwa mlangoni na beseni, aliiona pua ya mkunga yule ikitanuka kama ya mtu aliyesikia harufu ya pilau baada ya mfungo mrefu. Alimwona akinyoosha mikono. Yote miwili. 

"Sema neno la shukrani," alinong'ona Bwana Fredegasti.

Bi Sikudhani alifungua mdomo.

"Bi Sikuuu!" ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Bi Siku, kinakuja! Mama yangu, kinakuja chenyewe!"

Mikono ya Bi Sikudhani ilikuwa tayari hewani. Ilivipita vile vishikio, ikapanda juu, ikanyofoa boksi la glavu. Ikanyofoa sindano. Ikanyofoa spiriti, ikaviweka kwenye upindo wa kanga, ikarudi kunyofoa tena.

"Bi Sikudhani," alisema Mkuu kwa tabasamu la kukwama, "mwavuli."

"Nauona, baba. Ni mzuri sana, na pindo limekaa vizuri. Ushikeni vizuri usije ukawaangukia. Nina mtu ndani."

Akaingia, mlango ukafungwa.

Wenye Kivuli walibaki uani. Hawakuweza kuutua, sheria ilikuwa yao. Hawakuweza kumpa mtu, kwa sababu wenyeji wote walioupiga jicho uzito wake walikumbuka ghafla kwamba hawana semina. Walisimama wameuzunguka, mikono yote kwenye chuma, na punde mikono ile ikaanza kutetemeka, jasho likateremka kwenye nyusi ambazo hazikuwahi kulifahamu. Bwana Fredegasti alitazama juu, akatazama mikono yake, akatazama juu tena. Hakusema kwamba anasikitika.

Nyamizi alipita katikati yao na beseni la maji yanayofuka moshi.

"Dada," alisema Mkuu, akihema, "samahani. Atatoka saa ngapi?"

"Hilo aulizwe mtoto," alisema Nyamizi. "Naomba njia, wakubwa. Maji ya moto haya."